Tununue Injini, Tusinunue Nembo

Tangu Serikali ya Muungano ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, kwa uamuzi ambao TANU iliupitisha tangu 1973, mji huo umepata watu wapya, majengo mapya na magari ambayo uwanda wa kati haukuwa umeyazoea. Pamoja na magari hayo yamekuja mabishano. Kwenye gereji za mjini, kwenye vituo vya teksi, na hata katika maegesho ya Mji wa Serikali ulioko Mtumba (hilo ni jina la mahali, wala halikutokana na bidhaa za mitumba, ingawa madereva hawachoki kulifanyia mzaha), wapenzi wa magari hukaa wakipimana ujuzi wa injini. Huyu atasema kwamba injini ya pistoni tatu ni cherehani tu. Yule atamjibu kwamba cherehani hiyo imemfikisha Singida na kumrudisha kwa mafuta ambayo mwenzake huyamaliza kabla ya kuiona Manyoni. Wa tatu ataapa kwamba hataigusa D4 maisha yake yote, hata apewe bure.

Wako watakaoyahesabu mazungumzo hayo kuwa ni ya watu waliokosa kazi. Sisi hatuyaoni hivyo. Kwa mtumishi wa kawaida gari ni mali ya pili kwa thamani baada ya nyumba, na kwa wengi hulitangulia hata jiwe la msingi la nyumba yenyewe. Kwa Serikali, gari ni fedha ya umma iliyowekewa magurudumu. Tena katika hotuba ya bajeti ya Juni 2022 Waziri wa Fedha alipendekeza kwamba Serikali ipunguze ununuzi wa magari ya watumishi, na badala yake wenye stahili wakopeshwe fedha wanunue magari yao wenyewe. Maana ya pendekezo hilo ni kwamba swali lililokuwa la ofisa usafirishaji linahamia nyumbani kwa kila ofisa: ninunue injini gani? Miongoni mwa maofisa hao wamo ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambao kazi za Muungano na vikao vya Bunge vimewapeleka Dodoma, na ambao ujuzi wao wote wa magari waliupata kwenye usawa wa bahari.

Usawa huo wa bahari si jambo dogo. Dodoma uko mita 1,120 hivi juu yake, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Forodhani kwa karibu sehemu moja katika nane. Injini hula hewa kama inavyokula mafuta, na ile isiyo na turbo, inayovuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Chukua injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, yenye pistoni sita na ujazo wa sentimita 4,164, ambayo tangu 1990 imebeba magari ya hospitali, ya polisi na ya miradi katika kila pembe ya nchi hii. Kiwandani inahesabiwa nguvu za farasi 130 hivi. Ifikapo Dodoma hubaki kama 114, na huko Singida, ambako mji umekaa kwenye mita 1,500, hupungua tena. Mgeni kutoka Visiwani huhisi gari lake limeugua alipoanza tu kuupanda mlima baada ya Morogoro, na fundi asiye mwaminifu humuuzia plagi, pampu na nozeli kwa ugonjwa ambao haupo. Hapana budi tuongeze vumbi. Uwanda wa kati hupata mvua yake kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ardhi ni kavu, na chujio la hewa ambalo Zanzibar lingeweza kudumu mwaka mzima, huko huziba kwa muda mfupi. Kwetu adui wa gari ni chumvi, nayo hula bodi kwanza. Adui wa Dodoma huingia moja kwa moja kifuani mwa injini.

Kwa hiyo wale wanaobishana juu ya D4 wana haki ya kubisha, na kisa cha injini hiyo kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kimewagharimu wananchi fedha nyingi kuliko wanavyokiri.

Mwaka 1996 kampuni ya Mitsubishi ilitoa katika gari la Galant injini ya petroli iliyoiita GDI, na kabla ya mwaka huo kwisha Toyota nayo ikatoa ya kwake, D-4, katika Corona Premio. Jambo jipya lilikuwa hili. Katika injini ya kawaida petroli hunyunyizwa nje ya silinda, nyuma ya vali, kisha ikaingia pamoja na hewa. Katika injini hizo ilinyunyizwa ndani ya silinda moja kwa moja, kama ifanyikavyo katika dizeli. Kwa kuuelekeza mnyunyizo huo karibu na plagi, gari likiwa katika mwendo wa taratibu liliweza kuchoma mchanganyiko mwembamba ajabu, hata hewa sehemu 40 kwa petroli sehemu moja, hali injini ya kawaida huhitaji hewa sehemu 15 hivi tu. Mwembamba huo ndio uliopunguza ulaji wa mafuta. Ili kuupata ilibidi pampu isukume petroli kwa kani ya mara 50 ya hewa ya kawaida, ambapo pampu za zamani ziliridhika na mara tatu. Mitsubishi iliona fahari kubwa; iliuza ujuzi huo kwa Wafaransa wa Peugeot na Citroën, na gari la Volvo lililotengenezwa Uholanzi katika kiwanda kimoja na Mitsubishi Carisma likatiwa injini hiyo hiyo.

Japani, ambako petroli ni safi na mwenye gari hupeleka gari lake kukaguliwa kwa tarehe iliyoandikwa, injini hizo zilifanya kazi iliyokusudiwa. Kisha magari yakazeeka, yakapakiwa melini, yakashushwa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar. Yalikuta nini? Yalikuta nchi za kusini mwa Sahara zinaiacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006 tu. Yalikuta uchakachuaji wa mafuta kwa kutumia mafuta ya taa, uovu uliokithiri hata EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka uliofuata ili wachakachuaji wakose faida. Pampu ile ya kani kubwa hulainishwa na petroli yenyewe inayopita ndani yake. Petroli ikiwa na maji, vumbi au mafuta ya taa, chuma husaga chuma. Na kwa kuwa petroli haipiti tena nyuma ya vali na kuziosha, masizi hujijenga juu yake mwaka hata mwaka mpaka hewa ikose njia.

Matokeo yake kila mwenye kijiwe anayajua. Gari linatetemeka likisimama, linakataa kupanda mlima, na linakunywa petroli kuliko gari lisilodai uhodari wowote wa kubana mafuta. Mafundi wetu, ambao walijifunza kabureta kwa macho na masikio, walikabidhiwa injini inayosema kwa kompyuta tu, na kompyuta hiyo hawakupewa. Wakabahatisha. Vipuri vikabadilishwa kimoja baada ya kingine kwa fedha ya mwenye gari, na wako walioishia kuing'oa injini nzima na kuweka ya kawaida. Leo mnunuzi wa gari lililotumika huuliza habari ya D4 kabla hajauliza bei.

Maoni yetu ni kwamba injini ile haikuwa mbaya. Ilikuwa injini ya mahali pengine, na hapakuwa na mtu mwenye dhamana aliyemwambia mnunuzi hivyo. Ushuru wa bidhaa kwa magari hupangwa kwa ujazo wa injini, mipaka ikiwa sentimita 1,000 na 2,000. Kadi ya gari nayo huandika namba na ujazo. Magari mawili ya ujazo mmoja, la kawaida na la D4, yameandikwa sawa na kutozwa kwa kipimo kimoja, kana kwamba hayana tofauti. Elimu iliyowaokoa wananchi haikutoka ofisini. Ilitoka kwa hao hao wapenzi wa magari tunaowadhania kuwa hawana kazi.

Wajapani wenyewe waliirekebisha kasoro. Mwaka 2005 Toyota ilitoa mpango wa nozeli mbili kwa kila silinda, moja ndani na moja nje, ili ile ya nje iendelee kuosha vali. Mwaka 2012 mpango huo ulitiwa katika injini isiyokuwa ya Toyota hata kidogo: injini ya Subaru, ile ya kulala ambayo mafundi huiita boksa, ambayo pistoni zake hazisimami bali hulala chini upande huu na huu, zikisukumana kama watu wawili wanaopigana ngumi. Gari moja likatoka kiwandani likiwa na majina mawili, Toyota 86 na Subaru BRZ. Injini ni ya Subaru, unyunyizaji ni wa Toyota, na Toyota imekuwa na hisa katika kampuni hiyo tangu 2005. Mpenzi wa Subaru anayejivunia ushindi wa 1997 na wa 2000 katika mbio za Safari, na mpenzi wa Toyota anayemcheka, huenda wakawa wamesimama mbele ya gari lile lile.

Hapa ndipo mabishano ya Dodoma yanapofika mahali pagumu, maana nembo iliyo mbele ya gari haitoshi tena kueleza kilichomo chini ya boneti. Ile cherehani ya pistoni tatu, ujazo wa sentimita 996, imo katika Toyota Passo iliyotoka mwaka 2004. Asili yake ni Daihatsu, na Passo yenyewe ni ndugu pacha wa Daihatsu Boon. Mwaka 2005 injini hiyo ilianza kutiwa pia katika magari matatu yaliyotengenezwa chini ya paa moja mjini Kolín, nchi ya Cheki: Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1. Ujazo wake uliopungua kidogo chini ya 1,000 umeipendeza sheria yetu ya ushuru, na wepesi wake wa kula umewapendeza wenye teksi. Vivyo hivyo Toyota Starlet inayouzwa mpya katika nchi nyingi za Afrika tangu 2020 ni Suzuki Baleno iliyotengenezwa India. Anayejua hivyo hupata faida, kwa kuwa kipuri kilichokosekana kwa jina moja huenda kikapatikana kwa jina la pili, na kwa bei nafuu. Asiyejua hulipa bei ya jina.

Ushirikiano wa namna hii si hadaa, na hatuwaungi mkono wanaosema kwamba gari la makampuni mawili ni gari la uongo. Wakubwa wetu wanakumbuka kwamba Peugeot 504 iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1978 mikononi mwa Mfaransa Jean-Pierre Nicolas ilikuwa na injini ya silinda sita iliyotengenezwa kwa pamoja na Peugeot, Renault na Volvo. Injini hiyo ilikusudiwa kwanza kuwa ya silinda nane, wakaipunguza mbili mafuta yalipopanda bei duniani, lakini pembe ya nane ikabaki. Wakazi wa Dar es Salaam nao hawajayasahau mabasi marefu ya Ikarus waliyoyaita kumbakumba. Yalitoka Hungaria, lakini injini yake, iliyolazwa ubavu chini ya sakafu, ilitengenezwa na kiwanda cha Rába kwa leseni ya MAN ya Ujerumani Magharibi. Nchi ya kijamaa ilinunua ujuzi kwa nchi ya kibepari, na abiria wa Kariakoo wakapata usafiri.

Ubaya wa ushirikiano huja unapovunjika, kwani aliyenunua hubaki peke yake. Mwaka 1967 Citroën ya Ufaransa na NSU ya Ujerumani ziliunda kampuni iliyoitwa Comotor ili kutengeneza injini ya Wankel, ambayo haina pistoni za kupanda na kushuka. Badala yake kipande cha pembe tatu huzunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai. Ni injini ndogo, laini, yenye nguvu nyingi kwa uzito wake. Lakini pembe zake tatu zina lakiri zinazolika, na mafuta huliwa kwa wingi. Gari la Citroën GS Birotor lilitoka mwaka 1973, mwaka ule ule wa msukosuko wa mafuta. Yaliuzwa yasiyofika 1,000, kisha kampuni ikawafuata wenyewe, ikayanunua tena na kuyaharibu mengi, kwa kuwa haikutaka mzigo wa kuweka vipuri vyake kwa miaka ijayo. Msomaji autafakari mfano huo. Kampuni yenye viwanda na mabenki nyuma yake iliogopa gharama ya vipuri vya magari mia kadhaa. Ofisi ya mkoa yenye magari mawili ya aina ngeni itaibeba vipi gharama hiyo?

Hata leo mambo hayajawa imara zaidi. Honda na Nissan zilitangaza nia ya kuungana Desemba 2024, na Februari 2025 zikaachana. Desemba 2023 Daihatsu ilisimamisha kupeleka magari yake sokoni baada ya kugundulika udanganyifu katika vipimo vya aina 64 za magari, na miongoni mwa hizo zilikuwamo zilizobeba nembo ya Toyota. Kwa upande wetu, matrekta ya URSUS ya Poland yaliunganishwa Kibaha chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, na kampuni mama ikafilisika huko kwao mwaka 2021. Mkulima aliyelinunua kwa ajili ya shamba lake hakusomewa taarifa hiyo wakati wa kutia saini.

Na kama iko ardhi inayostahili kuwa na kumbukumbu ya jambo hili, ni ya Kongwa, mwendo mfupi kutoka Dodoma. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza huko mradi wa karanga, ikidhamiria kulima mamilioni ya ekari. Dunia ilikuwa imetoka vitani na matrekta mapya hayakupatikana, basi yakaletwa yaliyotumika na jeshi la Marekani, mengine kutoka mbali kama Ufilipino. Hayakutosha. Ndipo kampuni ya Vickers-Armstrong ilipovichukua vifaru vya Kimarekani vya Sherman vilivyosalia vitani, ikavivua mnara na mzinga, ikavigeuza kuwa matrekta. Jina nalo likaungwa kutokana na majina mawili: Shervick. Vifaru vya Sherman vilikuwa na injini za namna nyingi za ajabu, na iliyotia fora ilikuwa ya Chrysler, injini tano za magari madogo zilizofungwa pamoja zikawa moja yenye silinda 30. Katika vita, ambapo kifaru hakitegemewi kuishi muda mrefu, maarifa hayo yalikuwa na maana.

Kongwa haikuwa vita. Udongo wake mwekundu wenye chembe kali huwa mgumu kama tofali mvua ikikatika, na husaga chuma. Mizizi ya vichaka na mibuyu ilipinda majembe. Mashine zilizochoka kabla hazijafika zikakutana na mafundi wachache, karakana zisizokwisha kujengwa na vipuri visivyolingana, kwa kuwa kila kundi la mashine lilitoka mahali pake. Katika mwaka wa kwanza tu sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala. Mradi uliachwa Januari 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36, na karanga zilizovunwa hazikufika hata mbegu zilizoagizwa. Wanahistoria wametaja sababu nyingi: mvua chache, haraka ya wanasiasa wa London, dharau kwa wenyeji wa Ugogo waliojua tabia ya mvua yao. Zote ni kweli. Sisi tunaongeza hii ya karakana, kwa kuwa ndiyo tunayoweza kuirudia.

Tunaweza kuirudia kwa sababu D4 ya kesho imekwisha kufika. Magari yanayochanganya petroli na umeme yamezagaa katika minada ya Japani na yanashushwa katika bandari zetu. Ujenzi wake ni wa namna yake. Katika Prius na Aqua za Toyota vali ya kuingizia hewa huchelewa kufungwa, kwa hiyo injini hubana hewa kidogo na kuipanua sana. Hupungukiwa nguvu lakini hubana mafuta, na mota ya umeme hujaza pengo. Mazda Axela ya mchanganyiko ya mwaka 2013 imebeba mpango huo huo wa Toyota kwa makubaliano. Nissan Note ya e-Power, iliyotoka 2016, imeenda mbali zaidi: injini yake ya petroli haigusi magurudumu kabisa, hukaa ikizalisha umeme, na mota ndiyo inayosukuma gari.

Hatuna ugomvi na magari hayo. Huenda yakawafaa Wazanzibari mno, maana safari zetu ni fupi, za kusimama na kuondoka, na hapo ndipo mota ya umeme inapookoa mafuta. Lakini katika mengi ya magari hayo betri kubwa hupozwa kwa feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, karibu na kiti cha nyuma. Katika barabara ya vumbi ya Chemba au Mpwapwa, chujio dogo la feni hiyo likiziba bila mtu kujua kwamba lipo, betri hupata joto na kufa kabla ya siku zake. Kulisafisha ni kazi ya dakika chache. Kununua betri ni kazi ya mishahara mingi. Ni maofisa wangapi wanaochukua mkopo mwaka huu walioambiwa habari ya chujio hilo?

Yafaa vyombo vinavyohusika vilichukue jambo hili kama lilivyo. Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, ambao hununua magari ya Serikali kwa pamoja, pamoja na TEMESA ambayo huyatengeneza, wanayo katika majalada yao habari ambayo hakuna mpenzi wa gari awezaye kuwa nayo: injini ipi imelala mara ngapi, katika mkoa gani, kwa kukosa kipuri gani. Jalada hilo lichapishwe kila mwaka. Halihitaji kutaja kampuni kwa kuishutumu. Litaje jina la injini, mahali ilipofanya kazi na muda iliokaa gereji. Mashirika ya viwango ya Bara na Zanzibar yakubaliane kwamba cheti cha ukaguzi wa gari lililotumika kiandike aina ya injini na namna inavyopokea mafuta, kwa Kiswahili kinachosomeka. Na anayeuza gari jipya kwa Serikali asipewe mkataba mpaka akabidhi vitabu vya matengenezo na vyombo vya kupimia kwa chuo cha VETA cha Dodoma na kwa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ya Zanzibar, ili fundi kijana wa Mwanakwerekwe na mwenzake wa uwandani waifungue injini hiyo kabla haijaharibika barabarani.

Tunajua litakalojibiwa. Itasemwa kwamba magari makubwa ya viongozi, ambayo wananchi wameyabatiza jina la mashangingi, hayana tatizo hili kwa kuwa yana turbo na hewa nyepesi ya Dodoma haiyasumbui. Ni kweli kwamba turbo hurudisha pumzi iliyopotea. Lakini Land Cruiser ya 2021, yenye injini ya dizeli ya silinda sita zilizogawanyika pande mbili na turbo mbili, haina undugu na ile 1HZ ambayo fundi wa Kondoa huifungua chini ya mwembe. Ikisimama njiani kati ya Dodoma na Babati, itavutwa. Gari la kiongozi likivutwa, kiongozi huletewa jingine. Gari la wagonjwa la zahanati ya kijijini halina jingine, na ni vyema atakayelichagulia injini ajue hilo kabla hajatazama nembo.

Mkutano wa Bunge wa bajeti huanza Aprili. Wabunge kutoka Visiwani, ambao wengi wao wameipanda barabara ile ya Morogoro na kuhisi injini ikiishiwa pumzi, wamuulize Waziri wa Fedha maswali mawili: mikopo ya magari inayotolewa kwa watumishi inaambatana na maelezo gani kuhusu injini, na jalada la TEMESA litafunguliwa lini?